Tuzo ya Kweli Huuliza Kazi Yako, Si PIN Yako

Ujumbe wa aina hii huingia kwenye simu za Wakenya kila msimu wa mashindano: "Hongera mwalimu! Umeteuliwa kupokea tuzo ya kitaifa ya sayansi. Zawadi yako ni shilingi milioni 2. Tuma ada ya usajili 3,500 kwa nambari hii kabla ya saa kumi leo."

Huo ni mfano tu tulioutunga, lakini ukiwa mwalimu wa fizikia, au fundi aliyeunda mashine yake nyuma ya nyumba, au mzazi wa mtoto aliyeng'ara kwenye maonyesho ya kaunti, pengine umeshapokea ndugu yake. Tapeli anajua jambo moja kukuhusu: umefanya kazi nzuri kwa muda mrefu bila mtu kukuona. Kwa hivyo akikwambia kwamba hatimaye umeonekana, moyo unakubali kabla akili haijauliza swali.

Wengine wamechoka na utapeli huu hadi wakaamua kwamba tuzo zote ni uongo. Hiyo pia ni hasara. Tuzo za kweli za wanasayansi, wabunifu na walimu wa sayansi zipo, na Wakenya wamezishinda. Ukielewa vile zinavyofanya kazi, utamtambua tapeli mapema, na nafasi halali ikija hutaiacha ipite.

Ngazi zinaanzia shuleni

Kwa mwanafunzi wa sekondari, mlango wa kwanza ni Mashindano ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, yaani KSEF. Wazazi wengi waliyajua enzi zao kama Science Congress. Mradi huanzia shuleni, ukifaulu unapanda hadi kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha eneo, na mwisho taifa. Kila ngazi ina majaji wanaosoma maandishi ya mradi, wanaokagua kifaa chenyewe, na wanaomuuliza mwanafunzi maswali ana kwa ana. Mtoto akishindwa kueleza kwa nini aliweka waya huu hapa na si pale, alama zinashuka.

Kuna pia Young Scientists Kenya, mpango wa wanafunzi wa sekondari ulioanzishwa kwa ushirikiano na serikali ya Ireland, ambako vijana huleta miradi yao kwenye maonyesho ya kitaifa.

Kwa watu wazima, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda mashirika matatu ambayo ni vizuri kuyajua kwa majina. NACOSTI ni tume inayosimamia masuala ya sayansi na kutoa vibali vya utafiti. KeNIA ni wakala wa kitaifa wa ubunifu. Hazina ya Taifa ya Utafiti, NRF, ndiyo inayofadhili utafiti. Mtu akikupigia akitaja mojawapo ya majina haya, usimwamini kwa sababu jina ni kubwa. Kata simu, tafuta mawasiliano rasmi ya shirika lenyewe, na uulize.

Mwalimu wa Keriko

Tarehe 24 Machi 2019, mjini Dubai, mwalimu wa hisabati na fizikia kutoka kaunti ya Nakuru aliitwa jukwaani kupokea Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani, inayotolewa na Wakfu wa Varkey. Jina lake ni Peter Tabichi, mtawa wa shirika la Wafransisko, na zawadi yenyewe ilikuwa dola milioni moja, takriban shilingi milioni 100 kwa bei ya wakati huo. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuishinda.

Shule yake ilikuwa Keriko, sekondari ya kutwa ya mseto katika kijiji cha Pwani. Jina la kijiji lisikupeleke Mombasa. Hapa ni Bonde la Ufa, mahali pakavu. Shule ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha, na mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58. Karibu theluthi moja ya wanafunzi walikuwa yatima au wana mzazi mmoja tu. Wengine walitembea kilomita 7 kwenda shuleni, kwa barabara ambazo mvua ikinyesha hazipitiki.

Sasa angalia alichofanya. Alikuwa akienda saiba, anapakua masomo, anayahifadhi, halafu anayatumia darasani bila kuhitaji mtandao. Alianzisha klabu ya kukuza vipaji na kuipanua ile ya sayansi. Mwaka 2018 wanafunzi wake walipeleka kwenye KSEF kifaa cha kuwawezesha wasioona na wasiosikia kupima vitu, na Keriko ikawa ya kwanza kitaifa miongoni mwa shule za umma. Timu ya hisabati ikapata nafasi ya kwenda Arizona, Marekani, kwenye mashindano ya kimataifa ya sayansi na uhandisi ya 2019. Wanafunzi wengine walitambuliwa na chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kwa kuzalisha umeme kutokana na mimea ya kwao. Na asilimia 80 ya mapato yake, mwalimu huyu alikuwa akiwasaidia nayo maskini.

Angalia mpangilio wa mambo. Kazi ilitangulia kwa miaka. Iliacha ushahidi ambao mtu yeyote angeweza kwenda kuukagua: shule ipo, klabu ipo, matokeo ya mashindano yapo. Majaji walipokuja, walikuta kitu cha kupima.

Friji ya chanjo na jicho la shambani

Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi hutolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, na ilianzishwa mwaka 2014. Mwaka 2022 ilishindwa kwa mara ya kwanza na Mkenya, mhandisi Norah Magero. Alikuwa ameunda VacciBox, friji ndogo ya kubebeka inayotumia nguvu za jua kuhifadhi chanjo. Inaweza kufungwa kwenye pikipiki ikapelekwa hadi zahanati ambayo haina umeme. Kwa nini hilo ni jambo kubwa? Chanjo nyingi zinahitaji baridi kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi tangu kiwandani hadi kwenye mkono wa mtoto. Baridi ikikatika njiani, dawa inaweza kuharibika na mama amekuja bure. Zawadi ilikuwa pauni 25,000, zaidi ya shilingi milioni 3 wakati huo.

Miaka miwili baadaye, 2024, Mkenya mwingine, Esther Kimani, aliichukua tena. Kifaa chake kinakaa shambani, kinatumia jua na kamera, na kikigundua wadudu waharibifu au dalili za ugonjwa kwenye mimea kinamtumia mkulima ujumbe wa simu. Mkulima hahitaji simu ya bei ghali kuusoma. Safari hii zawadi ilikuwa pauni 50,000, takriban shilingi milioni 8.

Wanaochaguliwa kwenye orodha ya kwanza ya tuzo hii hawapewi pesa siku ya pili. Huingia kwenye mafunzo ya miezi kadhaa kuhusu biashara, haki za ubunifu na namna ya kuzungumza na wawekezaji, ndipo wachache wanafika fainali na kueleza kazi yao mbele ya majaji na hadhira. Wasioshinda nao wameondoka na mafunzo na marafiki wa kazi.

Mambo manne yanayofanana

Ukiziweka hizi tuzo pamoja, utaona tabia zake.

*Unaomba au unapendekezwa.* Kuna fomu, kuna tarehe ya mwisho, kuna masharti yaliyoandikwa. Tuzo haidondoki kwa mtu ambaye hakuomba, wala hakupendekezwa, wala hajawahi kuulizwa swali lolote.

*Kazi yako inakaguliwa.* Watataka kuona kifaa, data, barua za wanaokitumia, daftari la majaribio. Mtu anayekupa mamilioni bila kukuuliza hata kifaa chako kinafanya nini, ana shida na pesa yako, si na kifaa chako.

*Inachukua muda.* Miezi, si saa mbili. Haraka ni silaha ya tapeli, kwa sababu akikupa usiku mmoja wa kulala utaamka na swali.

*Pesa inatoka kwao kuja kwako.* Mshindi hatumi "ada ya kufungua zawadi". Hakuna "kodi ya mapema" ya kutumwa kwa nambari ya mtu binafsi.

Hesabu ya haraka inayomuumbua tapeli

Kuna jambo moja ambalo sisi wa pesa za simu tunaweza kukupa, na halihitaji elimu ya juu. Kutokana na mabadiliko yaliyoidhinishwa na Benki Kuu ya Kenya mwaka 2023, salio la juu kabisa katika akaunti ya pesa za simu ya mtu binafsi ni shilingi 500,000. Muamala mmoja hauwezi kuzidi 250,000.

Sasa rudi kwenye ule ujumbe wa milioni 2. Kwa kikomo hicho, milioni 2 haziwezi kuingia kwenye simu yako kwa mkupuo. Anayeahidi hivyo anaahidi kitu ambacho mfumo wenyewe utakikataa. Zawadi kubwa za kweli hupitia benki, na kabla yake kuna barua, mkataba na kitambulisho vinavyokaguliwa na watu wanaojulikana ofisi zao.

Kabla ya kutuma pesa yoyote inayohusiana na tuzo, pitia haya:

1. Jina linalotokea. Kabla ya kuthibitisha muamala, simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Ukiambiwa unalipa taasisi ya serikali, halafu linatokea jina la mtu usiyemjua, simama hapo hapo.
2. PIN. Haiulizwi na majaji, wizara, benki, wala sisi. Pesa kuingia kwako haihitaji PIN yako kabisa. PIN hufungua mlango wa kutokea tu.
3. Nambari ya siri ya mara moja. Ile inayokuja kwa ujumbe, usimsomee mtu hata akijiita afisa wa zawadi. Anayeitaka huenda anajaribu kuingia kwenye akaunti yako au kuhamisha laini yako.
4. Picha ya kitambulisho. Usiitume kwa WhatsApp ya mtu usiyemjua. Ikishatoka mkononi mwako, hujui itaombewa mkopo gani.
5. "Pesa imekuja kimakosa." Wengine hukutumia ujumbe bandia kwamba "sehemu ya kwanza ya zawadi" imeingia, kisha wakaomba urudishe kiasi. Usiamini ujumbe, angalia salio lako mwenyewe.

Vipi kuhusu tuzo zinazolipisha?

Tuwe wakweli, si kila malipo ni wizi. Kuna hafla ambazo waandaaji huuza tiketi au meza za chakula, na kuna mashindano ya kupigiwa kura kwa ujumbe wa kulipia. Hiyo ni biashara halali ikiwa imetangazwa wazi. Lakini jiulize unanunua nini. Tuzo ambayo kila aliyelipia meza huondoka na kikombe haitamsaidia mwalimu anapoomba ufadhili wa maabara, kwa sababu mfadhili atauliza: nani alikagua kazi, na kwa vigezo gani? Kama jibu ni "nilipigiwa kura nyingi" au "nililipia meza ya watu kumi", mazungumzo yameisha. Afadhali pesa hiyo inunue waya na betri.

Harambee ya kumpeleka mtoto

Gharama halali zipo, na zinauma. Mradi ukipanda kutoka kaunti hadi eneo, kuna nauli, malazi, kadi za maonyesho, vifaa vya kurekebisha. Shule nyingi za kutwa hazina bajeti hiyo, na mara nyingi mwalimu mlezi wa klabu ndiye anayeingia mfukoni. Kijiji kikisikia, watu huchanga kwa simu, na hapo kwenye uchangaji ndipo mambo mazuri huharibika.

Fanyeni hivi. Pesa za mchango zisiingie kwenye nambari ya mwalimu, hata kama kila mtu anamwamini, maana zitachanganyika na mshahara wake na siku moja atashindwa kujieleza bila kosa lolote. Tumieni akaunti ya shule, au akaunti ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja. Andikeni bajeti kabla ya kuchanga: nauli ya wanafunzi wangapi, siku ngapi, vifaa gani. Lipeni basi na hoteli kwa nambari zao za biashara, si kwa mtu wa kati anayesema "nitawapelekea". Mkirudi, ombeni taarifa ya miamala na muisome kwenye mkutano wa wazazi. Mwaka ujao mkiomba tena, watu watatoa bila kunung'unika.

Linda wazo kabla ya kulionyesha

Mbunifu mwingine haogopi tapeli wa simu; anaogopa anayetembea kwenye maonyesho na kamera. Hofu hiyo ina msingi. Kenya, kazi ya kulinda uvumbuzi iko mikononi mwa Taasisi ya Mali ya Viwanda, KIPI, chini ya sheria ya mwaka 2001. Hataza hulinda uvumbuzi kwa miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi. Kwa uboreshaji mdogo kuna cheti cha modeli ya matumizi, ambacho hudumu miaka 10. Mafundi wengi wa jua kali wangefaidika nacho lakini hawajawahi kukisikia.

Hataza hutolewa kwa kitu kipya, na kitu kikishajulikana hadharani upya wake huanza kutiliwa shaka. Kwa hivyo ni salama zaidi kuwasilisha ombi kabla ya kupanda jukwaani. Ada za KIPI zipo na ni halali, lakini zilipe kwa njia rasmi iliyotajwa na taasisi yenyewe na uhifadhi risiti. Wapo watu wanaojiita mawakala wa hataza ambao huchukua pesa na kukupa karatasi yenye mihuri isiyo na maana.

Kama umeshatuma

Usione haya. Aibu ndiyo inayowafanya watu wakae kimya huku tapeli akiendelea na mwalimu wa shule jirani. Fanya haya kwa mfuatano huu:

- Piga simu huduma kwa wateja mara moja na uombe muamala uzuiwe. Pesa ikiwa bado haijatolewa kwa wakala, kuna nafasi. Kila dakika ina maana.
- Badilisha PIN kama uliitaja au hata kama una shaka tu.
- Usifute ujumbe. Hifadhi nambari, saa, na msimbo wa muamala.
- Piga ripoti kituo cha polisi na uombe nambari ya OB. Ulaghai wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018.
- Usitume "kiasi cha mwisho" ili urudishiwe cha kwanza. Hicho ni chambo cha pili.

Na ukishinda kweli?

Ile dola milioni ya Tuzo ya Mwalimu Bora ilipangwa kulipwa kwa awamu sawa katika miaka 10, na waandaaji walitoa ushauri wa kifedha kwa mshindi. Waliofikiria mpango huo walijua kwamba pesa nyingi kwa siku moja huvutia jamaa wengi kwa siku moja.

Hata kama zawadi yako ni shilingi 20,000 kutoka kwa kaunti, unaweza kuiga wazo hilo. Igawe siku inapoingia, kabla watu hawajaanza kupiga simu: sehemu ya kuendeleza mradi, sehemu ya akiba iliyofungwa kwa muda, na sehemu ya kufurahia na familia. Ile ya mradi iweke kwenye akaunti tofauti na ya matumizi ya nyumbani, usije ukanunua unga kwa pesa ya betri.

Na kama huna mradi, huenda unamjua mwenye nao. Tuzo nyingi za walimu hupokea mapendekezo kutoka kwa wazazi, wanafunzi na wenzake kazini. Yule mwalimu anayebaki na watoto hadi saa kumi na mbili jioni, wakifungua redio mbovu kutafuta spika, hana muda wa kujiombea. Tafuta tangazo rasmi la tuzo mwaka huu, soma masharti, na umwandikie pendekezo lenye mambo matatu: alifanya nini, wanafunzi wangapi walifaidika, na nani anaweza kuthibitisha.